Sura ya Tano: Pikapu kwenye Vilima vya Roret

Uwezo wa pikapu barabarani hupimwa kwa mambo manne: kupanda, kushika njia, kusimama na kugeuka. Gari dogo la abiria nalo hupimwa kwa hayo hayo, ila pikapu ina tofauti moja kubwa. Asubuhi hutoka nyumbani tupu, ikiwa na uzito wa kilo 1,800 hivi. Adhuhuri hurudi na tani nzima mgongoni. Usukani ni ule ule na tairi ni zile zile, lakini tabia ya gari imegeuka. Kwa hiyo anayeilinganisha pikapu na nyingine zikiwa tupu tu, amepima nusu ya gari. Nusu iliyobaki hujulikana mlimani, na mzigo ukiwa ndani.

Njia na mzigo

Roret iko Bureti, katika Kaunti ya Kericho, mahali ambapo mashamba ya chai hupakana na ya mananasi. Barabara kuu ya lami kati ya Kericho na Sotik hupitia Litein na Kapkatet. Ukiiacha lami hiyo, unaingia njia za murram na udongo zinazoshuka mabondeni, kuvuka vijito na kupanda tena upande wa pili. Mji wa Kericho uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na eneo hili hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Mara nyingi mvua hiyo hunyesha alasiri, wakati mwingine ikiwa na mawe. Alasiri ndiyo pia saa ya kubeba majani mabichi kutoka vituo vya kununulia kwenda viwandani, kama vile Litein, Tegat, Momul, Toror na Kapkatet. Kazi na utelezi hukutana saa ile ile.

Majani ya chai husombwa zaidi na malori. Pikapu hubeba yaliyobaki, nayo ni mengi: mitungi ya maziwa, mananasi, mahindi, ndizi, ndama wa kupelekwa mnadani, na mbolea ya NPK 26:5:5 ambayo wakulima wa chai huipokea kwa mifuko ya kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja kamili. Mzigo huo ndio kipimo kizuri cha kulinganishia, kwa kuwa uzito wake unajulikana bila mizani.

Pikapu zinazolinganishwa

Kwa muda mrefu pikapu iliyotawala barabara za Kenya ilikuwa Peugeot 504, ambayo watu waliiita Pijo. Iliunganishwa Mombasa, ikadumu sokoni hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Injini yake ya dizeli ya lita 2.3 haikuwa na tabochaja, na ilitoa kilowati 51 tu. Nafasi yake imechukuliwa na pikapu za Kijapani zenye uwezo wa kubeba tani moja hivi. Toyota Hilux na Isuzu D-Max ndizo zinazoonekana zaidi, na D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyopata jina hilo mwaka 2017 baada ya Isuzu kununua hisa za General Motors. Juu ya hizo mbili kuna Toyota Land Cruiser 79, inayounganishwa Mombasa, gari la polisi, mashirika ya misaada na mashamba makubwa.

Kundi la mwisho ni pikapu kubwa za Kimarekani: Ford F-150, Chevrolet Silverado, Ram 1500 na Toyota Tundra. Hizi ni adimu Kenya. Kwa kawaida hutoka kiwandani usukani ukiwa kushoto, na sheria ya Kenya haisajili gari la namna hiyo ila kwa kazi maalumu. Hata hivyo zinastahili kuwekwa kwenye mizani hii, kwa sababu ndizo zilizofanyiwa ulinganisho mwingi zaidi duniani, na kwa sababu watu wengi huamini kwamba pikapu iliyo kubwa zaidi ndiyo yenye uwezo zaidi.

Kupanda: injini na hewa nyepesi

Injini huunguza mafuta kwa hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kwenye kimo cha mita 2,000 mkandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na tabochaja hubakiwa na karibu sehemu hiyo hiyo ya nguvu zake. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, hutoa kilowati 96 pwani. Kericho hubakiwa na 77 hivi. Pijo ilibakiwa na 41.

Injini yenye tabochaja haidhuriki sana. Tabochaja ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo husukuma hewa ndani ya silinda mpaka ijae kiasi kinachotakiwa. Hilux ya lita 2.4 yenye kilowati 110 na torki ya nyutoni-mita 400, na D-Max mpya ya lita 3.0 yenye kilowati 140 na nyutoni-mita 450, hufika Kericho zikiwa na sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana Hilux, ambayo injini yake ni ndogo karibu kwa nusu, huiacha Land Cruiser ya 1HZ nyuma kwenye lami ya mlimani.

Je, kilima kinadai nguvu kiasi gani? Chukua pikapu ya kilo 1,800 iliyobeba tani moja, jumla kilo 2,800, ikipanda mwinuko wa asilimia 10, yaani mita 10 juu kwa kila mita 100 za safari. Kwenye udongo laini, ikienda kilomita 30 kwa saa, inahitaji kilowati 34 hivi magurudumuni. Kwenye lami, ikienda kilomita 60 kwa saa, inahitaji 53. Hilux na D-Max zina akiba ya kutosha katika hali zote mbili. Land Cruiser, ambayo yenyewe ni nzito zaidi, inakaribia ukomo wake kwenye lami. Pijo iliyoshiba mzigo isingeweza kufika 60, ikabidi itambae kwa gia ya pili. F-150 yenye injini ya petroli ya lita 3.5 na tabochaja mbili hutoa karibu kilowati 298, mara tano au zaidi ya zinazohitajika.

Ziada hiyo ina faida yake: kulipita lori la chai kwenye mlima wa lami kwa sekunde chache, au kuvuta trela nzito. Kwenye njia ya udongo haina kazi. Hapo injini zote hizi zina nguvu ya kutosha, na swali linahamia kwenye tairi.

Kushika njia: tairi, mzigo na matope

Udongo mwekundu wa Bureti ni mfinyanzi wenye kina kirefu. Ukiwa mkavu ni mgumu na hushika vizuri. Ukinyeshewa, tabaka la juu hugeuka kama sabuni huku la chini likibaki gumu, na tairi huteleza juu yake. Kwa makadirio ya kawaida, tairi kwenye udongo wa aina hii uliolowa linaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 30 kwa kila kilo 100 zinazolikandamiza.

Hesabu ya mwinuko ule ule wa asilimia 10 inaonyesha jambo ambalo madereva wa huku wanalijua kwa uzoefu. Pikapu tupu ya kilo 1,800 ina karibu asilimia 40 tu ya uzito wake kwenye magurudumu ya nyuma, yaani kilo 720. Ikiwa ni hayo ya nyuma tu yanayosukuma, mshiko wake ni wa kilo 216. Kilima na ulaini wa udongo vinadai kilo 270. Gari linakwama, magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Ukiipakia mifuko 20 ya mbolea, sehemu kubwa ya tani hiyo hukaa juu ya ekseli ya nyuma, ambayo sasa hukandamizwa na kilo 1,620 hivi. Mshiko unafika kilo 486, na kilima kinadai 420. Gari linapanda. Pikapu iliyokwama ikiwa tupu imepita ikiwa na mzigo, na ndiyo sababu baadhi ya madereva huacha mifuko michache ya mchanga karibu na mlango wa nyuma wa bodi msimu wa mvua.

Mvuto wa magurudumu manne hubadilisha hesabu yote. Uzito mzima wa gari sasa unafanya kazi: pikapu tupu ina mshiko wa kilo 540 dhidi ya 270 zinazodaiwa, na iliyobeba ina 840 dhidi ya 420. Katika hali zote mbili mshiko ni mara mbili ya mahitaji. Tofauti kati ya Hilux ya magurudumu mawili na Hilux ya magurudumu manne ni kubwa kuliko tofauti kati ya Hilux na gari lolote jingine la kundi lake.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ukubwa hausaidii hapa. Gari zito hukandamiza tairi zaidi, lakini pia hudai nguvu zaidi ili lipande, na vyote viwili huongezeka kwa kiwango kimoja. F-150 ya magurudumu manne na D-Max ya magurudumu manne, zikiwa na tairi za aina moja, hukwama kwenye kilima kile kile. Kinachozitenganisha ni meno ya tairi. Tairi la lami hujaa udongo mara moja na kuwa laini kama mpira wa kuchezea. Tairi la matope, lenye meno yaliyoachana, hujisafisha linapozunguka.

Kwa kawaida magurudumu manne ya Hilux, D-Max na Land Cruiser 79 hayana difu ya katikati. Ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka kwa kasi moja, jambo lisilo na madhara kwenye utelezi lakini linalokaza gia na kula tairi kwenye lami kavu. Anayetoka Roret kwenda Sotik hana budi kuurudisha mvuto kwenye magurudumu mawili anapofika lami. Gia za chini, ambazo huongeza nguvu magurudumuni kwa karibu mara mbili na nusu, ni za mwinuko mkali na mteremko mkali tu.

Kushuka na kusimama

Kilima kinachodai nguvu wakati wa kupanda huirudisha wakati wa kushuka, na breki ndizo zinazoipokea. Pikapu ya kilo 2,800 ikishuka kimo cha mita 100, nguvu inayotoka ingetosha kuchemsha karibu lita 9 za maji baridi. Ikiachiwa breki peke yake, joto hilo lote huingia kwenye vyuma vya magurudumu. Breki zikipata joto kupita kiasi hulegea, na kanyagio hukanyagika bila gari kusimama.

Injini ndiyo breki ya kwanza. Gari linaposhuka kwa gia ya pili, au ya kwanza katika gia za chini, injini hulizuia bila kuchoka. Hapa sanduku la gia la mkono lina faida ya wazi, na Land Cruiser yenye injini kubwa na gia fupi hushuka kwa utulivu. Pikapu kubwa za Kimarekani zina gia za kujibadilisha, lakini nyingi zina mtambo wa kushusha gia zenyewe gari linapovuta mzigo mteremkoni, na F-150 ina breki za sahani kwenye magurudumu yote manne. Hilux na D-Max nyingi zina breki za ngoma nyuma, ambazo hupoa polepole zaidi. Katika mteremko mrefu wa lami, Mmarekani anashinda kwa haki, mradi mzigo ni ule ule.

Umbali wa kusimama huamuliwa na kasi na mshiko. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari lenye breki nzima husimama kwa mita 20 hivi kwenye lami kavu tangu breki zinaposhika, na kwa mita 47 hivi kwenye udongo uliolowa. Kabla ya hapo dereva ametumia sekunde nzima kutambua hatari, na gari limekwenda mita 17. Kasi ikipungua kwa nusu, umbali wa breki hupungua hadi robo. Hakuna pikapu iliyobuniwa ambayo breki zake zinaweza kufidia tofauti hiyo.

Kugeuka na kupishana

Njia za kati ya mashamba ya chai ni nyembamba, na mifereji ya maji huzibana pande zote mbili. Upana wa gari hapa ni sehemu ya utendaji wake. Hilux ina upana wa kati ya mita 1.80 na 1.86 kulingana na toleo. F-150 ina mita 2.03 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Kwenye njia ya mita 4.5, lori la upana wa mita 2.4 linaweza kupishana na Hilux taratibu. Likikutana na F-150, nafasi inayobaki haizidi upana wa kiganja, na mmoja wao lazima arudi nyuma mpaka kwenye lango la shamba.

Kugeuza gari kunategemea urefu wake na jinsi magurudumu ya mbele yanavyokata. D-Max huzunguka ndani ya duara la mita 12.2 hivi, na Hilux yenye safu mbili za viti ndani ya mita 12.8. F-150 ya milango minne inahitaji zaidi ya mita 14. Jambo la kushangaza ni kwamba Land Cruiser 79, iliyo nyembamba na fupi kuliko F-150, nayo inahitaji mita 14.4, kwa sababu ekseli yake nzima ya mbele hairuhusu magurudumu kukata sana. Mahali ambapo D-Max inageuka mara moja, Land Cruiser huenda mbele na kurudi nyuma mara mbili au tatu.

Springi na mzigo

Springi za nyuma za pikapu za Kijapani ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vimekazwa ili vibebe tani, kwa hiyo gari likiwa tupu huwa vigumu kupita kiasi. Kwenye murram yenye mawimbi, mkia wa gari hurukaruka, tairi huachana na ardhi, na kila tairi linapokuwa hewani halishiki chochote. Ndiyo sababu pikapu tupu huyumba kwenye kona ambayo jana ilipita ikiwa na mzigo bila tatizo. Kupunguza upepo wa tairi za nyuma gari likiwa tupu, na kuurudisha kabla ya kupakia, hupunguza kuyumba huko.

Pikapu za Kimarekani ni laini zaidi zikiwa tupu. Lakini matoleo mengi ya F-150 hayabebi zaidi ya D-Max ya kebini moja: kutegemea toleo, uwezo wake huanzia chini ya kilo 700 na kufika tani moja na nusu. Ukubwa wake umetumika zaidi kwenye kebini na kwenye uwezo wa kuvuta trela.

Mafuta

Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, F-150 ya lita 3.5 yenye magurudumu manne hutumia karibu lita 12 za petroli kwa kilomita 100 ikiwa tupu. Hilux ya dizeli, kwa mwendo wa kawaida, hutumia kati ya lita 7 na 9. Kwa mfanyabiashara wa mananasi anayeenda sokoni mara tatu kwa juma, tofauti hiyo hulipwa kila safari, mzigo uwepo usiwepo.

Namna ya kupima

Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilitoa kipimo kiitwacho J2807 ili watengenezaji waache kutangaza uwezo wa kuvuta kila mmoja kwa namna yake. Sehemu moja hufanyika Arizona, kwenye mlima wa Davis Dam: gari na trela yake hupanda kilomita 18 katika joto kali, kipoza hewa kikiwa kimewashwa, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Sehemu nyingine haihitaji kasi kabisa. Gari husimamishwa kwenye mwinuko wa asilimia 12 na kutakiwa kuondoka mara tano mbele na mara tano nyuma ndani ya dakika tano.

Sehemu hiyo ya pili inaifaa Roret kuliko ya kwanza, na mtu yeyote anaweza kuifanya kabla ya kununua. Kinachohitajika ni kilima kimoja, mifuko 20 ya kilo 50, na subira. Pikapu zote zipande kilima hicho hicho, zikiwa na tairi za aina moja na upepo uliopimwa. Zisimamishwe katikati na kuondoka tena, mara tano mbele na mara tano nyuma, huku harufu ya klachi ikiangaliwa. Breki ya mkono ikazwe na gari liachwe hapo dakika chache. Kisha gari lishuke kwa gia ya pili bila kugusa breki, na kasi isomwe. Mwisho mzigo ushushwe na jaribio lirudiwe lote, ikiwezekana siku ya mvua. Kwa mafuta, tanki lijazwe hadi shingoni kabla na baada ya juma la kazi.

Matokeo

Jaribio la namna hiyo halitoi mshindi mmoja, kwa kuwa kazi si moja. Anayeishi karibu na lami na kubeba mzigo kwenda na kurudi anatoshwa na Hilux au D-Max ya kebini moja inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na analipa bei nafuu kwa kila kilo. Anayekusanya maziwa mashambani kila asubuhi, mvua inyeshe au isinyeshe, anahitaji magurudumu manne na tairi za matope kabla ya kuhitaji injini kubwa. Land Cruiser 79 humfaa mwenye njia mbovu sana na asiye na haraka, aliye tayari kugeuza gari mara tatu. Pikapu ya Kimarekani ni bora kwa trela kwenye lami pana. Kwenye njia za chai, upana wake na mzunguko wake huiondolea faida ya injini.

Mpangilio huu nao hugeuka na majira. Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu, pikapu hupangwa kwa injini zake. Aprili na Mei, mvua zikikolea, hupangwa kwa idadi ya magurudumu yanayovuta na meno ya tairi zake.